Kibati: namna ya kujaribu programu ya tahadhari bila kumkimbiza mtu

Tarehe 29 mwezi wa tano 2021, wiki moja baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, Wizara ya Mawasiliano huko Kinshasa ilitangaza kwamba volkano ya pili, Murara, karibu na Nyamulagira, imelipuka nayo. Baadaye tangazo likasahihishwa: ndege iliyopita juu ya eneo hilo haikuona moto wowote. Moshi ulioonekana ulikuwa wa watu waliokuwa wanachoma makala.

Kwa mtu aliye mbali, hilo ni kosa dogo la siku moja. Kwa mtu wa hapa lilikuwa jambo zito. Siku mbili kabla yake, gavana wa kijeshi alikuwa ameamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji wa Goma waondoke. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa njiani, wengine upande wa Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Kila habari mpya ilikuwa inabadilisha safari ya jamaa nzima.

Huko Kibati, katika teritwari ya Nyiragongo, habari za namna hiyo zinaingia ndani zaidi. Kibati iko chini ya mlima, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Ndipo watalii walipokuwa wanaanza kupanda hadi mdomo wa volkano, kwenye urefu wa mita 3470. Wazee wanakumbuka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, lava iliposhuka kwa mbio kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Wazazi wanakumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ilipopita katikati ya Goma hadi ziwani. Vijana wanakumbuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, iliposimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege.

Mtu wa Kibati akiambiwa aondoke, anaondoka. Lakini akidanganywa mara mbili, mara ya tatu atabaki nyumbani. Hapo ndipo hatari ilipo.

Leo vijana wengi wa Goma wanajifunza kuandika programu za wavuti. Tuchukue mfano mmoja. Kijana anataka kuandika programu ndogo inayofuata rangi ya tahadhari inayotolewa na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kisha kuituma kwa SMS kwenye simu za wakaaji wa Kibati. Rangi hizo tunazijua: kijani, njano, oranji na nyekundu. Kazi ya kuamua rangi ni ya OVG. Programu inabeba habari tu.

Swali ni hili: kijana huyo atajuaje kwamba programu yake inafanya kazi vizuri kabla ya siku ya hatari? Hawezi kuuomba mlima ulipuke ili ajaribu. Na hawezi kutuma ujumbe wa rangi nyekundu kwa watu wa Kibati saa nane ya usiku, kisha asubuhi awaambie, "Samahani, nilikuwa najaribu."

Yaliyotokea Hawaii

Kosa la aina hiyo limekwisha kutokea kwa wakubwa. Tarehe 13 mwezi wa kwanza 2018, katika jimbo la Hawaii, Marekani, simu za wakaaji zilipokea ujumbe kwamba kombora linakuja na kwamba hilo si zoezi. Watu waliwaingiza watoto kwenye mashimo ya maji machafu, wengine walipiga simu kuagana na jamaa zao. Zilipita dakika 38 kabla ya ujumbe wa pili kufika kwenye simu zao, kusema hakuna kombora.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba asubuhi hiyo kulikuwa na zoezi, na mfanyakazi mmoja akadhani ni jambo la kweli. Lakini ulionyesha pia kosa la programu yenyewe: tahadhari ya majaribio na tahadhari ya kweli zilikuwa zinatumwa kutoka sehemu moja, na swali la kuthibitisha kabla ya kutuma lilikuwa lilelile kwa zote mbili. Jaribio na jambo la kweli vilikuwa vinapita mlango mmoja.

Somo la Hawaii ni kwamba kumwambia mtu awe makini hakutoshi. Jaribio lazima liwe mahali ambapo, hata mtu akikosea, ujumbe hauwezi kutoka. Waandishi wa programu wana njia ya kufanya hivyo. Wanaitumia kila siku, na inaitwa moki.

Magunia mahali pa abiria

Fundi akimaliza kutengeneza breki za basi dogo, hapakii abiria kwanza na kushuka nalo mteremko. Anapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu. Gari linaona uzito uleule. Breki zikikatika, hakuna mtu anayekufa.

Moki ni gunia hilo. Ni kitu bandia kinachowekwa ndani ya programu wakati wa majaribio, mahali pa kitu cha kweli ambacho ni cha hatari, cha bei, au hakipatikani. Programu inakiona na kudhani ni kile cha kweli. Mahali pa kampuni ya simu inayotuma SMS, unaweka mtumaji bandia anayeandika tu kwenye daftari lake: "Nimeombwa kumtumia fulani ujumbe huu." Jaribio linapokwisha, unafungua daftari na kusoma. Kama rangi ilikuwa nyekundu na namba tatu za simu zilisajiliwa, lazima uone mistari mitatu. Ukiona miwili, kuna kosa. Ukiona sita, kuna kosa pia, maana kila mtu angepokea ujumbe mara mbili.

Wazo hili lina miaka mingi. Mwaka wa 2000 Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliliandikia maelezo yaliyosomwa sana na waandishi wa programu. Mwaka wa 2007 Gerard Meszaros, katika kitabu chake juu ya majaribio, alivipa vitu bandia vyote jina moja lililotoka kwenye sinema: yule mtu anayeruka kutoka ghorofani mahali pa mchezaji maarufu. Alivigawa pia kwa aina zake. Kuna kinachojibu tu jibu ulilokipangia, kuna kinachoandika walichokiomba, na kuna kinachojua tangu mwanzo ni nini kitaombwa na kulalamika kisipoombwa. Katika mazungumzo ya kila siku watu wanaviita vyote moki, na hapa tutafanya hivyo.

Kwa mwandishi wa programu wa Goma kuna faida nyingine ya karibu. Jaribio lenye moki halihitaji intaneti wala unite. Linaweza kukimbia mara mia moja kwa siku ndani ya kompyuta yenye betri tu, wakati umeme umekatika. Kila SMS ya kweli inalipiwa, lakini mtumaji bandia hadai chochote.

Mkataba kati ya cha kweli na cha bandia

Lakini gunia lazima liwe na uzito wa mtu. Ukipakia magunia ya manyoya, breki zitashika vizuri sana, na hutakuwa umejifunza kitu. Hapo ndipo lugha zenye aina zinaposaidia.

Lugha ya wavuti inayojulikana zaidi ni JavaScript. Lugha hiyo haiulizi kitu ni cha aina gani mpaka programu iwe inakimbia. Mwaka wa 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa TypeScript, ambayo ni JavaScript iliyoongezewa aina. Mwandishi anatangaza mapema kwamba hapa panaingia namba, pale panaingia maandishi, na kuna mchunguzi anayesoma programu yote na kukataa pale ambapo vitu havilingani, kabla programu haijakimbia.

Kwa programu yetu ya Kibati, tunaanza kwa kuandika mkataba:

type Rangi = "kijani" | "njano" | "oranji" | "nyekundu";

interface Chanzo {
  somaRangi(): Promise<Rangi | null>;
}

interface Mtumaji {
  tuma(simu: string, ujumbe: string): Promise<boolean>;
}

Mstari wa kwanza unasema rangi ni hizo nne tu. Mtu akiandika "nyekudu" kwa haraka, mchunguzi atamkatalia papo hapo. Mkataba wa pili unasema chanzo cha habari kitarudisha mojawapo ya rangi hizo, au null, yaani kimya: hakuna habari. Mkataba wa tatu unasema mtumaji anapewa namba ya simu na ujumbe, na anajibu ndiyo au hapana.

Sasa kampuni ya simu ya kweli itafungwa ndani ya kitu kinachofuata mkataba wa Mtumaji. Na moki itafuata mkataba huohuo:

const daftari: string[] = [];

const mtumajiBandia: Mtumaji = {
  async tuma(simu, ujumbe) {
    daftari.push(simu + ": " + ujumbe);
    return true;
  },
};

Hiyo ndiyo moki nzima. Haihitaji chombo kingine chochote, ingawa vyombo kama Jest na Vitest vina njia za kuitengeneza kwa mstari mmoja. Jambo la maana ni lile neno Mtumaji baada ya nukta mbili. Bila hilo, moki ni kitu chochote tu. Pamoja nalo, moki imetia sahihi kwenye mkataba.

Sharti moja: sehemu ya programu inayoamua nani atumiwe nini isimtafute mtumaji yenyewe. Apewe kutoka nje, kama kigezo. Siku ya jaribio inapewa wa bandia, siku ya kazi inapewa wa kweli, na yenyewe haijui tofauti. Ikiwa namba ya siri ya kampuni ya simu imeandikwa katikati ya sehemu hiyo, umerudi kwenye mlango mmoja wa Hawaii.

Faida ya mkataba inaonekana baada ya miezi. Tuseme timu inaamua kwamba jibu la ndiyo au hapana halitoshi, na mtumaji wa kweli arudishe risiti yenye sababu ya kushindwa. Katika JavaScript tupu, moki ya zamani ingeendelea kujibu ndiyo, majaribio yote yangeendelea kupita, na programu ya kweli ingevunjika. Katika TypeScript, mkataba ukibadilika, moki inakataliwa siku ileile. Gunia limepungua uzito na mtu amekwisha kujua.

Kuna matundu matatu ambayo wengi wanaanguka ndani yake. La kwanza: mtu akichoka na malalamiko ya mchunguzi anaandika "as any" kando ya moki, yaani "nyamaza, kubali chochote". Hapo amechana mkataba. La pili: Vitest yenyewe haichunguzi aina. Inazifuta tu na kukimbiza jaribio. Kwa hiyo majaribio yanaweza kupita wakati aina hazilingani. Ni lazima kuita pia mchunguzi mwenyewe, kwa amri tsc --noEmit, kila mara kabla ya kupeleka kazi. La tatu: ukiongeza kigezo kipya kwenye mkataba, kwa mfano lugha ya ujumbe, TypeScript itakulalamikia mahali unapomwita mtumaji, lakini moki yenye vigezo viwili tu itakubaliwa bado, na lugha haitaandikwa kwenye daftari. Jicho la mtu linahitajika hapo.

Moki inayonyamaza

Tufike sasa kwenye lile neno null, maana kwa mtu wa Kibati ndilo lenye uzito kuliko yote.

Msaada wa feza ambao OVG ilikuwa inapata kupitia Banki ya Dunia ulikwisha mwaka wa 2020. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata feza ya intaneti inayounganisha mashini zake za mlimani. Uunganisho ulirudi mwezi wa nne 2021. Mwezi uliofuata, mlima ulilipuka. Katika miezi ile habari hazikusema "hakuna hatari". Zilinyamaza tu, na kimya si sawa na kijani.

Lakini angalia majaribio ambayo mwanafunzi anaandika kwa kawaida. Moki yake ya kwanza inajibu "kijani", na anahakikisha hakuna ujumbe uliotoka. Ya pili inajibu "nyekundu", na anahakikisha ujumbe umetoka kwa wote. Majaribio yanapita, anafunga kompyuta. Chanzo chake bandia kinajibu kila mara, kwa upesi na kwa adabu, kama vile kiko katika mji ambao intaneti haikatiki.

Moki ya namna hiyo inamdanganya mwenye kuiandika. Chanzo cha kweli, juu ya mlima, kitanyamaza. Kitachelewa. Kitakatika katikati ya neno. Na kama programu imeandikwa vibaya, itachukua kimya hicho na kusema, "sikuona nyekundu, basi hali ni nzuri".

Ndiyo maana tuliandika Rangi | null kwenye mkataba. TypeScript, ikiwekwa kwenye hali yake kali, haimruhusu mwandishi kutumia jibu kama rangi kabla hajaeleza atafanya nini likiwa null. Inamlazimisha ajibu swali ambalo angelisahau. Kisha anaandika moki ya tatu, ambayo kazi yake ni kunyamaza tu, na anahakikisha mambo mawili: hakuna ujumbe wa "hali ni nzuri" uliotoka kwenda Kibati, na mwenye kusimamia programu amejulishwa kwamba habari zimekatika. Moki ya nne inarusha kosa, kama intaneti iliyokatika. Ya tano ni ya mtumaji anayekataa: anajibu hapana kwa namba ya pili kati ya tatu, ili ionekane kama namba ya tatu bado inafikiwa, au kama programu yote inalala njiani.

Majaribio haya ni mafupi, na yote yanakimbia chini ya sekunde moja. Hakuna njia nyingine ya kuyafanya, maana huwezi kuuagiza mtandao wa simu ukatike saa unayotaka.

Pale ambapo aina hazioni

Tusiseme kwamba aina zinamaliza mambo yote. Mchunguzi wa TypeScript anaona umbo, haoni ukweli. Tena aina zote zinafutwa kabla programu haijakimbia. Siku ya kazi hazipo tena mlangoni kuangalia nani anaingia.

Chukua mfano huu. Programu yetu inangoja neno "nyekundu". Moki yetu, iliyoandikwa na sisi wenyewe, inajibu "nyekundu". Majaribio yote yanapita. Lakini matangazo ya OVG yanaandikwa kwa Kifaransa. Siku ya kweli linaingia neno "rouge". Kwa programu hiyo si kijani, si njano, si oranji, si nyekundu. Haijui ifanye nini, na Kibati haipati ujumbe. Hakuna moki iliyoweza kuonyesha kosa hilo, maana moki inajua tu kile ambacho aliyeiandika alikijua.

Dawa ni mbili. Kwanza, kila kitu kinachotoka nje kichunguzwe mlangoni wakati programu inakimbia: neno likija lisilojulikana, programu ilie, isinyamaze. Pili, moki itengenezwe kutoka kwa kitu cha kweli, si kutoka kichwani. Chukua matangazo halisi yaliyokwisha kutolewa, yaweke kama yalivyo, na uyatumie kama majibu ya chanzo bandia.

Vilevile kwa mtumaji. Kampuni ya simu ikijibu ndiyo, mara nyingi maana yake ni "nimepokea ombi lako". Haina maana kwamba simu ya mama fulani huko Kibati ilikuwa na betri. Kwa hiyo mara kwa mara mtu atume ujumbe wa kweli kwenye simu yake mwenyewe na za wenzake waliokubali, wenye maneno yasiyoweza kumtisha yeyote, ili aone kama mtumaji wa kweli bado anafanana na wa bandia. Kampuni nyingine zinatoa uwanja wa majaribio kwa kazi hiyo. Safaricom ya Kenya, kwa mfano, ina huduma ya Daraja, ambapo waandishi wa programu wanajaribu malipo ya M-Pesa bila kugusa feza ya mtu.

Na usifanye kila kitu kuwa moki. Ile sehemu inayoamua nani atumiwe nini lazima iwe ya kweli ndani ya jaribio, maana ndiyo inayojaribiwa. Kuna majaribio yanayoandikwa ambapo moki inaulizwa na moki inajibu. Yanapita kila siku, na hayajaribu chochote.

Programu zinazobeba habari za watu wakati wa taabu si jambo jipya hapa kwetu. Mwaka wa 2008, Kibati ilipokuwa na kambi za makumi ya maelfu ya wakimbizi wa ndani, Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwanzoni mwa mwaka uleule, ililetwa kukusanya habari za vita vya mashariki mwa Congo. Nyingine zitakuja, na safari hii baadhi zitaandikwa na watoto wa Goma wenyewe.

Mkaaji wa Kibati hahitaji kujua neno moki. Lakini ana haki ya kumuuliza yeyote anayekuja kuandika namba ya simu yake kwa ajili ya tahadhari: mlijaribuje? Mlijaribu siku intaneti ilipokatika? Na nikipokea ujumbe wa nyekundu usiku, niamini? Aliyefanya kazi yake vizuri atafungua kompyuta na kumwonyesha daftari: hapa chanzo kilisema nyekundu, hapa kilinyamaza, hapa mtandao ulikataa, na hii ndiyo mistari iliyotoka kila mara. Na kati ya mistari hiyo yote, hata mmoja haukufika kwenye simu ya mtu.